Msije uwanjani mikono mitupu: hotuba kwa polisi wa akiba, Witu

Hotuba hii ilitolewa Witu, kaunti ya Lamu, mbele ya polisi wa akiba walioteuliwa kwenda mafunzo ya bunduki, wazee wa vijiji na jamaa zao. Tunaiweka yote hapa kwa ajili ya waliokuwa kazini, baharini au safarini siku hiyo.

Assalaam alaykum. Bwana asifiwe. Hamjambo nyote?

Wazee wetu, tumewasalimu. Kina mama, ahsanteni kwa kuacha shughuli zenu. Na ninyi vijana mlioteuliwa, maneno ya leo ni yenu hasa.

Mkifika uwanja wa shabaha, kila mmoja atapewa risasi 40. Hizo ni magazini 2, yaani vikasha vya risasi, za bunduki ya G3, basi. Risasi 15 za mwanzo zitaishia kwenye kurekebisha vilengeo. Zinabaki 25. Sasa tuulizane. Ukitumia 10 kujifunza namna ya kulala chini, 5 kugundua jicho lako lenye nguvu ni lipi, na 5 nyingine kuzoea mlio, za kujifunza kupiga zimebaki ngapi? 5. Na kijiji kizima kinakutegemea uende ukajifunze!

Kwa hiyo tunasema hivi, na tutarudia: chochote kinachoweza kufundishika bila risasi, kifundishwe hapa nyumbani. Msije uwanjani mikono mitupu.

Tuanze na kidole.

Mwaka 2008, kwenye Olimpiki ya Beijing, Mmarekani Matthew Emmons alikuwa anaongoza fainali ya bunduki ya mita 50, mitindo mitatu. Alibakiwa na risasi moja tu. Alikuwa mbele kiasi kwamba hata risasi ya kawaida ingempa dhahabu. Alipokuwa akiteremsha bunduki taratibu kuelekea shabaha, kidole kiligusa triga kabla shabaha haijatulia machoni. Bunduki ikalia. Akapata pointi 4.4, akashuka hadi nafasi ya nne. Huyo ni mtu aliyekuwa tayari na medali ya dhahabu ya Olimpiki nyumbani kwake. Kama kidole chaweza kumponyoka mtu kama huyo, je, wewe ambaye hujawahi kushika bunduki?

Yeye alipoteza medali. Wewe ukikosea hivyo, mwenzako yuko mita 2 kando yako.

Kidole kinakaa wapi basi? Kimenyooka, nje ya kizingio cha triga, kimelala ubavuni mwa bunduki. Kinaingia ndani pale tu shabaha inapoonekana vizuri kwenye vilengeo na umeamua kupiga. Ukimaliza, kinatoka. Ukitembea, nje. Ukianguka, nje. Ukiitwa jina, nje. Zoezi hili halihitaji bunduki. Shika jembe, shika fimbo ya kuchungia, shika mpini wa panga, weka kidole kimenyooka. Fanyeni kila siku mpaka mkono uwe hauulizi tena.

Ziko kanuni tatu nyingine zinazokwenda pamoja na hiyo. Kila bunduki ihesabiwe ina risasi, hata kama aliyekukabidhi ni ndugu yako wa kunyonya. Mdomo wa mtutu usielekee kitu usichotaka kukiharibu. Na ijue shabaha yako, ujue na kilicho nyuma yake.

Hii ya mwisho ina uzito wake hapa kwetu. Ardhi ya Witu, Hindi na Mpeketoni ni tambarare. Hatuna kilima cha kuzuia risasi. Risasi ya G3, ya milimita 7.62, inatoka mtutuni kwa mwendo wa karibu mita 800 kwa sekunde, na ikipigwa juu kidogo yaweza kufika zaidi ya kilomita 3. Nyuma ya kichaka unachokiona kuna nini? Kuna ng'ombe wa watu. Kuna mama anayeokota korosho. Kuna mtu wa jamii ya Waaweer ameingia msituni kutafuta asali. Ndiyo maana uwanja una ukuta wa udongo, na ndiyo maana ukisikia "simamisha!", unasimama hata kama umebakiza risasi moja. Na amri hiyo haitolewi na mkufunzi peke yake. Yeyote akiona mtoto au mbuzi nyuma ya shabaha apige kelele. Hakuna atakayemlaumu.

Huyo Emmons, miaka minne kabla ya Beijing, alikuwa Athens. Fainali ile ile, anaongoza vile vile, risasi ya mwisho. Akapiga vizuri sana. Lakini akapiga shabaha ya jirani! Yeye alikuwa njia ya 2, risasi ikaenda njia ya 3. Akaandikiwa sifuri, akaanguka mpaka nafasi ya nane, na dhahabu ikaenda kwa Jia Zhanbo wa China. Kosa hili hutokea kila mafunzo, hasa mkiwa wengi mmelala mstari mmoja na shabaha zote zinafanana. Mkilala chini, kabla ya kitu kingine chochote, soma namba ya shabaha yako kwa sauti. Kila mkao mpya, isome upya.

Sasa kutoa risasi. Hapa tunaomba masikio yenu yote, kwa sababu ajali za bunduki "isiyo na risasi" huzaliwa hapa.

Mpango ni mmoja. Swichi kwenye usalama. Toa magazini. Kisha vuta mkono wa kukokia hadi nyuma kabisa, uupandishe ushike kwenye pengo lake ili bolti, kile chuma kinachosukuma risasi, ikae nyuma. Tazama kwa macho ndani ya chemba, pale risasi inapokaa kabla ya kulia. Kukiwa na giza, gusa kwa kidole kidogo. Halafu mwenzako naye atazame. Magazini kwanza, bolti baadaye. Magazini kwanza, bolti baadaye! Mtu akipindua mpango huo, anakoki kwanza, anaona risasi imeruka nje, anaridhika. Hajui kwamba bolti iliporudi ilisukuma nyingine kutoka kwenye magazini ikaingia chemba. Kisha anatoa magazini, anaiita bunduki tupu, anabonyeza triga "kuhakikisha". Na mjue kwamba G3 haibaki wazi risasi zikiisha, kama zifanyavyo bunduki nyingine. Bolti inajifunga juu ya chemba tupu. Kwa kuitazama kwa nje huwezi kujua ina kitu au haina.

Baada ya mkono, mwili.

G3 ina uzito wa kilo 4 na ushei bila risasi. Chukua galoni, tia maji lita 4, hiyo ni kilo 4. Ishike kwa mkono wa mbele, kiwiko kimekunjwa karibu na mbavu, dakika 1. Pumzika dakika 1. Rudia mara 5. Ukianza wiki tatu kabla, mikono haitatetemeka saa nne asubuhi pale uwanjani.

Jicho. Nyoosha mikono yote miwili, fanya tundu dogo kwa viganja, tazama nazi moja juu ya mnazi kupitia tundu hilo, macho yote wazi. Funga la kushoto. Nazi ikibaki, jicho lako ni la kulia. Ikipotea, ni la kushoto. Karibu mtu mmoja kati ya watatu ana jicho la kushoto lenye nguvu, na wengi wao hutumia mkono wa kulia. Ukiwa hivyo, mwambie mkufunzi siku ya kwanza. Usipomwambia, utatumia risasi zako 15 za mwanzo ukipiga kando, kila mtu akidhani vilengeo vimeharibika.

Kulala. Hapa nyumbani tumia fimbo mahali pa bunduki. Tumbo chini, miguu imepanuka, visigino vimelala, mwili umepinda kidogo kutoka mstari wa bunduki. Kitako cha bunduki kiingie kwenye shimo la bega, ndani ya mfupa wa mkono, kisikae juu ya mtulinga. Shavu lilale pale pale kila mara. Kisha fumba macho, vuta pumzi, itoe, fumbua. Fimbo yako inaelekea wapi? Ikiwa imekwenda kulia, usiisukume kwa mikono. Sogeza mwili wote, ukizunguka juu ya kitovu, urudie. Ukiilazimisha kwa misuli, misuli itachoka na risasi itaondoka na uchovu huo. Kufyatua kunafanyika pale pumzi imetoka na bado hujahitaji nyingine, yaani sekunde chache tu. Ukipita hapo macho yanaanza kufifia. Acha, vuta pumzi, anza tena.

Umbali nao mwaweza kuupima bure. Hesabu kila mguu wa kushoto unapokanyaga. Mtu mzima wa kimo cha kawaida hukanyaga kushoto mara 60 hadi 70 kwa mita 100. Pimeni kwenye uwanja wa mpira, kila mtu apate namba yake. Kisha tembeeni barabarani mkikisia: ule mwembe uko mita ngapi? Lile lango? Kisieni kwanza, ndipo mhesabu.

Na miraa. Tunasema hili kwa heshima, na wazee watusamehe. Mtu aliyekesha na miraa anafika asubuhi vidole vinatetemeka, mdomo umekauka, na usingizi unamnyemelea saa sita mchana, wakati bunduki iko mikononi. Siku 3 kabla na siku zote za mafunzo, acheni kabisa. Kahawa ipunguzwe. Ikiwa mafunzo yataangukia Ramadhani, viongozi wa kundi waombe mapema zamu za asubuhi, baada ya alfajiri. Aliyefunga akiona kizunguzungu aseme, aweke bunduki chini. Siku ya kawaida, njoo na maji lita 4. Jua la kaskazi halina huruma.

Tukija kwenye chombo chenyewe, kuna kisa ambacho kila mshika bunduki wa pwani anapaswa kukijua.

Wamarekani walipopeleka bunduki ya M16 Vietnam katikati ya miaka ya 1960, ilisifiwa kuwa nyepesi, na askari wengi walielewa kwamba haihitaji kusafishwa sana. Vifaa vya kusafishia havikuwatosha. Aina ya baruti ilikuwa imebadilishwa, ikawa inaacha uchafu zaidi. Chemba haikupakwa kromu, nayo nchi ile ina unyevu. Matokeo? Maganda yalinasa ndani ya chemba. Askari walikutwa wamekufa na bunduki zao zimefunguliwa, walikuwa wanajaribu kuzizibua katikati ya mapigano. Bunge la Marekani likafanya uchunguzi mwaka 1967. Kilichorekebisha mambo ni vitu vya kawaida: kromu kwenye chemba, vifaa vya kusafishia kwa kila askari, na mafunzo ya namna ya kuvitumia.

Sisi tuna unyevu, na juu yake tuna chumvi. Upepo wa kusi unaileta mpaka ndani ya nyumba. Ukivuka kwa boti kutoka gati la Mokowe, bunduki imelowa chumvi hata kama huoni tone. Watu hukosea hapa: wanapaka mafuta juu ya chumvi. Mafuta hayayeyushi chumvi. Yanaifunika, nayo inaendelea kula chuma chini kwa chini. Kwanza futa kwa kitambaa kilicholowa maji matamu. Kausha kabisa. Ndipo upake mafuta ya bunduki, membamba.

Msitumie mafuta ya nazi. Yanaganda kukipoa kidogo na yanashika mchanga. Mafuta ya taa yanaondoa uchafu, kweli, lakini hayaachi kinga, kwa hiyo ukiyatumia malizia kwa mafuta yenyewe. Na msizidishe. Mafuta mengi kwenye bolti yanakusanya mchanga yakawa kama tope. Ndani ya mtutu na chemba pawe pakavu kabla ya kupiga.

Chemba ya G3 ina vifereji vyembamba vinavyoruhusu moshi kupita pembeni mwa ganda ili litoke kwa urahisi. Ndiyo maana maganda yake yana mistari myeusi. Masizi yakiganda kwenye vifereji hivyo, ganda linanasa. Kwa hiyo brashi ya chemba ina kazi yake peke yake, ile ya mtutu haitoshi. Safisha siku ile ile ya kupiga, halafu rudia kesho na keshokutwa, kwa sababu masizi huendelea kujitokeza. Zile pini za kitako ukizichomoa, zitie kwenye matundu yake ya kuhifadhia yaliyo kwenye kitako chenyewe. Pini iliyoanguka mchangani ni mafunzo yaliyosimama.

Sasa vilengeo. Mnakumbuka Emmons? Miezi michache kabla ya Athens aligundua bunduki yake haipigi inavyopaswa kupiga. Ilikuwa imeharibiwa makusudi na mtu. Aliazima bunduki ya mwenzake, na kwa hiyo ya kuazima akashinda dhahabu ya kupiga akiwa amelala, siku chache kabla ya ule mkasa wa shabaha ya jirani. Alijuaje kwamba yake imeharibika? Kwa sababu alizijua risasi zake zinaangukia wapi kila siku. Ninyi nyote mtapiga na bunduki za kukabidhiwa. Itakuwaje uijue bunduki ngeni kwa asubuhi moja?

Kwa makundi. Piga risasi 5, ukilenga pale pale kila mara, bila kugusa kilengeo chochote. Nenda katazame. Ukikuta matundu 5 yamekaa pamoja lakini kando ya katikati, wewe ni mzima, kilengeo ndicho cha kurekebishwa. Ukikuta yametawanyika huku na huku, usiguse kilengeo! Tatizo ni mkao, pumzi au kidole. Kinachomaliza risasi za watu ni kurekebisha baada ya kila risasi, wanaifukuza moja kulia, nyingine kushoto. Kundi la 5, rekebisha. Kundi la 5, rekebisha. Kundi la 5, hakikisha. Hizo ndizo 15.

Kwenye G3 kinachorekebishwa ni kilengeo cha nyuma, na risasi hufuata kinakokwenda. Unataka matundu yaende kushoto, kisogeze kushoto. Ngoma yake ina namba: 1 ni pengo la V kwa mita 100, na 2, 3 na 4 ni matundu ya duara kwa mita 200, 300 na 400. Ikiachwa katikati ya namba mbili, huoni sawasawa.

Na kwa nini tunasisitiza kilengeo cha mbele kiwe katikati kabisa? Fanyeni hesabu. Kati ya kilengeo cha mbele na cha nyuma kuna sentimita 57 hivi. Ukikosea milimita 1 tu hapo machoni, kwa mita 100 umekosa kwa sentimita 17. Kwa mita 200, sentimita 35. Kwa mita 300, nusu mita na zaidi, yaani umemkosa mtu mzima mwenye mabega mapana. Kwa hiyo jicho litulie juu ya kilengeo cha mbele, kionekane wazi, shabaha ibaki na ukungu kidogo.

G3 inapiga bega. Hakuna haja ya kuificha hofu. Mtu akishaumia mara moja, risasi inayofuata anajikunja kabla haijalia, na mtutu unashuka. Mwombe mwenzako akupangie magazini achanganye risasi bandia bila wewe kujua. Ikifika ya bandia, triga ikibonyezwa na mtutu ukaruka chini, umejiona mwenyewe. Baada ya mara kadhaa, unaacha.

Risasi ikikataa kulia, usigeuze bunduki kuitazama. Mtutu mbele, hesabu sekunde 30, inua mkono. Na ukisikia mlio dhaifu, "pof", bila kishindo begani, acha papo hapo. Yawezekana risasi imekwama mtutuni, na ukipiga nyingine nyuma yake mtutu utapasuka.

Mavazi tutapita haraka, lakini msiyadharau. Shati lenye kola, lifungwe hadi juu. Ganda linatoka G3 likiwa la moto na kwa nguvu. Likiingia shingoni kwa jirani yako, atafanya nini? Ataruka, atageuka, na bunduki itageuka pamoja naye. Kofia yenye ukingo na miwani vinazuia ganda lisinase karibu na jicho.

Masikio: mlio wa bunduki hii unakaribia desibeli 160, na kuanzia 140 mlio mmoja tu waweza kudhuru. Usikivu ukipotea haurudi. Kizibo cha sponji kisokote kiwe chembamba, vuta sikio juu na nyuma, kitie, kishikilie kwa nusu dakika kivimbe. Kina dada wenye shungi: viziba masikio vya kichwani vikikaa juu ya kitambaa vinavuja. Tia kizibo cha sponji kwanza, shungi juu yake.

Moshi na vumbi la risasi vina madini ya risasi, ambayo ni sumu. Hakuna mahamri wala sigara kwenye mstari wa kupigia. Nawa kwa sabuni kabla ya kula, na nguo ya uwanjani ivuliwe kabla ya kumbeba mtoto. Mwenye mimba amwambie mkufunzi, asipige.

Kila kundi liwe na mikanda ya kukaza ya kuzuia damu, na kila mmoja ajue kuifunga: sentimita 5 hadi 8 juu ya jeraha, isiwe juu ya goti wala kiwiko, kaza mpaka damu ikome, andika saa, usiifungue. Mshipa mkubwa wa paja ukikatika, mtu hana dakika nyingi. Kwa hiyo kabla ya risasi ya kwanza dereva ajulikane kwa jina, gari liwe na mafuta na limegeuzwa kuelekea barabarani. Ikiwa majeruhi atapelekwa hospitali ya King Fahd kisiwani, nahodha wa boti pale Mokowe awe amepigiwa simu tangu asubuhi.

La mwisho ni sheria. Ninyi mtakuwa chini ya Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya mwaka 2011. Jedwali lake la Sita linaeleza ni lini nguvu na silaha zinaruhusiwa: njia zisizo za nguvu zijaribiwe kwanza, na silaha ni hasa kwa ajili ya kuokoa maisha. Mtaisoma pamoja na mkufunzi, na mtaulizwa. Kila risasi inaandikwa daftarini ikitoka na ikirudi, na maganda yanahesabiwa. Ukikuta risasi mfukoni umefika nyumbani, usingoje kesho, irudishe usiku huo huo. Na msiwaletee watoto maganda ya kuchezea.

Asubuhi ya kwanza ni saa kumi na mbili na nusu, hapa hapa. Njoo na kitambulisho, maji lita 4, shati la kola, viatu vilivyofungwa, kofia, kalamu na daftari dogo la kuandika makundi yako. Vizibo vya masikio na miwani tutagawa. Mwenye dawa anazotumia kila siku aje nazo, na aje kutuona leo kabla hajaondoka.

Tupokee maswali. Tuanze na kina mama walioko nyuma.